Walii Mwenye Spana

Tangu nirudi, kila anayepita kwenye kibaraza cha duka langu ananiuliza kwanza gari liko wapi, halafu ndipo anauliza harusi ilikuwaje. Mpangilio huo wa maswali umeniuma kidogo, lakini sina ubavu wa kulalamika, maana hata mimi nimeishi miaka mingi nikiliweka gari mbele. Basi naandika mara moja kwa wote, niwapitishe njia nzima, ili mkija mniache nishone.

Kwa asiyenijua, naitwa Hamisi, nashona mapazia Mbagala. Nalisema hili mapema kwa sababu mtanisikia nikizungumzia kabureta kama mtu aliyesomea. Sikusomea. Nilianza kulitengeneza gari langu mwenyewe baada ya kugombana na fundi mmoja, nikaapa kwamba halitaguswa tena na mkono wa mtu mwingine. Nimejifunza kwenye video za simu, nyingi zikiwa za watu wanaoongea lugha nisiyoijua. Mimi siwasikilizi, nafuata mikono yao. Gari lenyewe linamzidi umri mdogo wangu Zuhura, na watoto wa mtaani wamelipa jina la Kikohozi.

Zuhura ndiye aliyekuwa sababu ya safari. Alikuwa anaolewa nyumbani kwetu Salale, upande wa ndani kabisa kwenye mikoko ambako gari halifiki. Baba yetu alifariki Zuhura hajaanza shule, na mimi ndiye mwanamume mkubwa wa nyumba, kwa hiyo mimi ndiye walii wake. Mimi ndiye wa kumshika mkono bwana harusi na kutamka kwamba nimemwoza. Dini inaniruhusu kumpa mtu mwingine uwakala, na baba mdogo, aliye palepale Salale, alikuwa tayari kabisa. Asiyetaka ni Zuhura. Alinipigia simu akaniambia, "Kaka, mie habari za uwakala sitaki. Nakutaka weye." Ukiambiwa hivyo na mtu uliyemfundisha kupiga kasia, huna pa kuchepukia.

Na kulikuwa na suala la maji. Bwana harusi, Selemani, ni mtu wa Maparoni, na mashua ya kumchukua mkewe isingeweza kutoka kwenye kijito chetu ila maji yakiwa yamejaa. Siku ile yalikuwa yanajaa alasiri. Yakishatoka, mbele ya nyumba yetu hubaki tope tupu na mashua hukaa hapo mpaka maji ya alfajiri. Kwa hiyo ndoa ilitakiwa ifungwe kabla maji hayajatoka, na mimi nilitakiwa niwepo kabla ndoa haijafungwa. Mtu mwenye akili zake angepanda basi.

MBAGALA HADI MKURANGA

Jioni ya kuamkia safari nilifanya kosa la kulihudumia gari. Lilikuwa linatembea vizuri, kwa viwango vyake. Lakini nilikuwa nimeona video ya bwana mmoja anatoa thamostati, kile kidude cha kuongoza maji ya kupozea injini, na kuitupa, akitabasamu, nami nikatoa yangu. Nikasafisha plagi, nikabana mipira ya rejeta, nikafunga kila nilichofungua. Nilipomaliza, boliti moja ilikuwa imebaki mkononi. Nililizunguka gari nikitafuta tundu lake, sikuliona. Nikahitimisha kwamba waliolitengeneza walizidisha.

Nikaondoka baada ya swala ya alfajiri. Nyuma nilipakia mapazia niliyoshona kwa ajili ya chumba cha Zuhura, kanzu yangu mpya, na mfuko wa viungo aliouagiza mama: iliki, mdalasini, bizari nyembamba, na manjano mengi ya kutosha kupikia harusi nzima. Moyoni nilijiona mtu mkubwa. Walii anakwenda kuoza, kwa gari lake, aliloliweka sawa kwa mikono yake.

Mvua ilinikuta Vikindu. Waipa ya upande wangu haina mota, ina kamba mbili, moja inapita dirisha la kulia na nyingine dirisha la kushoto, na dereva anazivuta kwa zamu. Ukiwa na abiria ni kazi nyepesi. Peke yako unahitaji kuendesha kwa magoti. Nilifika Mkuranga nimelowa kuliko mtu aliyekuja kwa baiskeli.

Hapo ndipo mshale wa joto ulipoanza kupanda. Nikasimama pembeni, nikafungua boneti, na kabla sijainama nilikuwa nimezungukwa na kina mama wenye mananasi. Kwao wao gari likisimama pale limesimama kwa ajili ya mananasi.

"Sijasimama kununua," nikawaambia. "Gari limechemsha."

"Pole, baba," akasema mmoja, ameshaliweka nanasi juu ya kiti. "Basi kula nanasi wakati linapoa."

Ungejibu nini? Nikanunua. Mwenzake akauliza kwa nini nimenunua kwa yule tu, yeye ana kosa gani. Nikanunua na kwake. Niwaambie tu kwamba kuanzia pale nilisimama mara nyingi, na kila niliposimama palikuwa na mtu anayeuza kitu, na hakuna hata mmoja aliyeamini kwamba nimesimama kwa shida zangu.

MKURANGA HADI KIBITI

Kimanzichana nilipita salama. Karibu na Jaribu Mpakani mpira wa juu wa rejeta ulipasuka kwa kishindo, mvuke ukafunika kioo chote, nikajikuta naendesha kwa kukumbuka barabara ilivyokuwa. Nikalitoa gari barabarani.

Lazima niseme nilifurahi. Mpira wa rejeta uliopasuka ni ugonjwa ninaoujua. Nikachana kipande cha pazia, kile cha akiba cha pindo, nikauzungushia mpira tabaka juu ya tabaka, nikakaza kwa waya. Dereva wa bodaboda alisimama kunitazama, kijana mwenye miwani ya jua na jezi.

"Anko, hiyo ngoma imekata moto. Panda nikutupe Kibiti fasta, hiyo utaifuata kesho."

"Dakika tano tu naondoka," nikamwambia.

Alikaa akanitazama mpaka akachoka, akaenda zake, akarudi na abiria, akapita, akarudi tena peke yake. Mimi bado nafunga pazia. Safari hii alipunguza mwendo tu akanipungia mkono, kwa heshima, kama mtu anayepita msibani.

Baba mdogo akapiga simu. Mimi na yeye tunapendana, ila tangu baba afariki ananiona kama mtoto aliyepewa kofia kubwa. "Hamisi, umefika wapi?"

"Kibiti," nikasema. Sikuwa nimefika Kibiti.

"Ukiona huwahi, nipe uwakala mapema, tusije kuaibika mbele ya wakwe. Maneno mawili tu hayo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari lina nguvu. Nilipokata simu nililigonga gari kwenye boneti kidogo, kuliomba lisiniangushe. Likawaka. Lile pazia lilishika, na nilipopita Bungu, penye njia panda ya kwenda Nyamisati, sikuikata. Nilinyoosha Kibiti kumchukua Shangazi Mwanaidi.

KIBITI

Shangazi Mwanaidi ni dada wa baba. Ndiye mwanamke pekee aliyebaki wa kizazi chao, na hakuna harusi ya kwetu inayofungwa bila yeye kukaa chumbani na bibi harusi. Nilimkuta kibarazani amekwisha kuvaa baibui, na pembeni yake sufuria kubwa la kupikia wali wa shughuli ambalo ndani yake unaweza kumwogesha mtoto wa miaka mitano.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hilo ndo gari?" Akalizunguka. Akasimama mbele ya kile kitambaa cha maua kilichochungulia penye boneti. "Mbona limefungwa pazia? Linaona haya?"

Nikamwambia tuondoke haraka, maji hayatusubiri. Akaniambia haraka yangu nimeileta mwenyewe na niishi nayo mwenyewe, yeye hawezi kumtoa mtoto wa kaka yake nyumbani kwake na tumbo tupu. Nikala. Alikuwa amepika bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu cha nazi, na kando mchuzi wa kambale. Kila nilipoosha mkono aliniongezea. Huo ndio ucheleweshaji mmoja wa safari hii ambao siujutii, na nilirudia mchuzi mara mbili nikiwa najua kabisa saa inakwenda.

Tulipopakia, sufuria halikuingia nyuma kwa sababu ya mananasi. Shangazi alilipakata. Safari yote iliyobaki nilizungumza na sauti inayotoka nyuma ya sufuria.

BUNGU HADI TULIPOISHIA

Tulirudi Bungu, tukashika barabara ya vumbi ya Nyamisati. Mvua ilikuwa imepita huko pia, njia ina makorongo. Niliendesha taratibu, Shangazi akinisimulia harusi yake mwenyewe, na tulipoanza kuteremka kwenye mikorosho nikasikia harufu tamu ya maji ya rejeta. Mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho.

Safari hii haukuwa mpira. Rejeta lenyewe lilikuwa limepata ufa, na maji yanadondoka chini kwa utulivu. Kwa ufa wa rejeta nilikuwa na dawa moja tu niliyoisikia kwa watu wa magari ya mizigo: unga wa manjano. Unautia ndani, maji yakizunguka unajipenyeza kwenye ufa na kuziba.

"Manjano yapi?" akauliza Shangazi.

Nilikuwa nimeshaufungua mfuko wa viungo.

"Hamisi! Mamako kaagiza manjano ya mchuzi wa watu, weye wataka kulipikia gari?"

"Nitaacha ya kutosha, Shangazi."

Sikuacha ya kutosha. Tulichota maji kwenye dimbwi kwa lile sufuria la shughuli, nikakoroga, nikamimina, nikafunga mfuniko, nikawasha. Lo! Likashika! Yale matone yakakoma mbele ya macho yangu. Nilisimama pale katikati ya mikorosho nikacheka peke yangu, nikamwita Shangazi ashuke aone. Halafu nikataka kuona zaidi, nikaufungua mfuniko wa rejeta.

Kila anayejua magari ameshakunja uso hapo. Namshukuru Mungu maji ya dimbwi yalikuwa yamelipoza gari, halikuwa na moto wa kunibabua. Nilipata uvuguvugu tu, lakini niliupata wote: usoni, kifuani, mikono miwili hadi viwikoni, manjano matupu. Shangazi alicheka mpaka akalazimika kuliweka sufuria chini.

Tukaondoka. Gari lilikwenda vizuri kuliko lilivyokwenda siku nzima, likapita kijiji kimoja, na penye kibanda cha mzee mmoja aliyeanika mpunga barabarani, ng'ombe wake wakilia pembeni, likazima. Halikukohoa wala halikutikisika. Lilizima tu.

Joto liko chini, plagi zinatoa moto. Nikaamua ni kabureta. Nikatandika khanga ya Shangazi kwenye majani, nikaitoa kabureta, nikaifungua kipande kimoja kimoja kama nilivyoona kwenye video. Nikiwa katikati, springi ndogo sana iliruka, nikaisikia ikitua mahali fulani majanini. Nilikuwa bado natambaa kuitafuta simu ilipolia. Ilikuwa namba ya baba mdogo, lakini aliyeongea ni Zuhura.

"Kaka, uko wapi?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani, wa njano, kabureta imesambaa kwenye khanga. "Nipo Nyamisati," nikasema. "Natafuta boti."

"Kweli?"

"Kweli."

"Baba mdogo anasema maji yamekaribia kujaa, utoe uwakala. Nimemwambia nakusubiri." Akashusha sauti. "Basi nakusubiri, Kaka."

Simu ikakatika. Shangazi alikuwa amesikia kila kitu. Alinyanyuka tu, akaenda barabarani, akasimama katikati akiwa na sufuria lake, na chombo cha kwanza kilichotokea kililazimika kusimama. Lilikuwa guta la pikipiki, lile la magurudumu matatu, limebeba makreti matupu ya kwenda kuchukulia kamba wa baharini.

Dereva wake alishuka akalichungulia gari. "Tatizo nini?"

"Kabureta," nikamwambia.

"Mafuta yamo?"

"Yamo. Mshale unaonyesha nusu."

Shangazi akaingilia. "Mshale huo ulikuwa nusu toka Kibiti."

Nikafikiri. Ulikuwa nusu toka Mbagala. Ulikuwa nusu tangu siku niliponunua gari, kwa sababu umekwama, na mimi nalijua hilo, na siku zote huwa natia mafuta kwa kukisia. Siku ile, kwa raha ya kuwa walii mwenye gari, nilikuwa nimesahau kukisia. Kulikuwa hakuna ubovu wowote. Kilichokuwepo ni tangi kavu, na kabureta nzima niliyoiua kwa mikono yangu, na springi yake imo kwenye majani ya watu.

Yule dereva alisema ana lita moja ya akiba, lakini bila kabureta isingenisaidia kitu. Nililitazama gari. Sitaki kuwadanganya, niliona uchungu. Nikawaza kwamba nikipata springi tu, robo saa naifunga. Shangazi alikuwa ameshapanda juu ya makreti.

"Hamisi," akasema, "Zuhura anakusubiri weye. Gari hakulialika."

Mzee wa mpunga akaahidi kuliangalia, na ndiko liliko mpaka leo. Nikachukua kanzu, mapazia na viungo vilivyobaki, Shangazi akaamuru mananasi yapakiwe kwenye sufuria, nikapanda. Nilikaa nimegeukia nyuma, nikaliona gari likipungua mpaka mikorosho ikalifunika.

NYAMISATI HADI SALALE

Tulipofika Nyamisati maji yalikuwa yamejaa pomoni, yanagusa mizizi ya mikoko, na boti iliyokuwa tayari kuondoka kuelekea kwetu ilikuwa ya kupeleka barafu kwa wavuvi wa kamba. Nahodha alikubali kutubeba kwa sharti kwamba tukalie mzigo. Nimepita katika joto la injini siku nzima nikaja kumalizia nimekalia barafu. Shangazi aliketi juu ya mapazia ya Zuhura yaliyokunjwa vizuri, mimi sikuthubutu kuomba kipande.

Kila mtu mle botini alinitazama, na hakuna aliyeuliza, mpaka bibi mmoja mwenye tenga akashindwa kuvumilia. "Huyu kijana ana homa ya manjano?"

"Hana ugonjwa," akasema Shangazi. "Ni fundi magari."

Nilitamani asingesema, maana haukupita muda mashine ya boti ikaanza kudunda vibaya, ikafa, tukawa tunaelea katikati ya mikoko kimya. Nahodha akavuta kamba ya kuwashia, hamna kitu. Akavuta tena. Halafu akageuka, na watu wote wakageuka naye, wakanitazama mimi. Nahodha alikuwa ameshika spana, amenielekezea upande wa mpini.

Wiki moja kabla ya siku ile ningeipokea. Wallahi ningeipokea, na saa hizi ningekuwa nawaandikia kutoka kwenye mikoko. Niliitazama ile spana, nikayatazama maji, ambayo tayari yalikuwa yameanza kuacha mstari mweusi wa unyevu kwenye mizizi. Yalikuwa yanatoka.

"Mimi nashona mapazia," nikasema.

Nahodha akaniangalia kwa mshangao kidogo, akafungua plagi mwenyewe, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha, akavuta, ikawaka. Nikavaa kanzu yangu palepale juu ya barafu, juu ya shati la manjano. Dakika chache baadaye kanzu nayo ilikuwa imeanza kubadilika rangi kifuani.

SALALE

Nyumbani tuliwaona kabla hawajatuona. Wanaume wamekaa kwenye majamvi uwanjani, mashua ya Maparoni imefungwa kijitoni na mapambo yake, na baba mdogo amesimama ukingoni ameshika simu. Alinishika mkono akanivuta kutoka botini, akaniangalia kuanzia usoni mpaka miguuni, akasema tu, "Haya, njoo."

Wanawake walikuwa mlangoni. Kwetu bibi harusi husingwa, husuguliwa mwili mzima kwa manjano na liwa, siku kadhaa kabla ya ndoa, mpaka ngozi yake ing'ae. Waliponiona nilivyo, zikatoka kelele.

"Jamani, na walii naye kasingwa!"

"Kasingwa vizuri kuliko Zuhura!"

"Atolewe yeye basi, Selemani achague!"

Vigelegele vikapigwa kwa heshima yangu. Mama akauona ule mfuko wa viungo ulivyosinyaa, akaunusa, akanitazama mikono, akaelewa kila kitu. Alisema tutazungumza baadaye, na baadaye kweli tulizungumza, lakini hayo hayawahusu.

Nikakaa kwenye jamvi, goti kwa goti na Selemani. Ni kijana mpole, mvuvi wa kamba, kanzu yake nyeupe kama karatasi. Alipoupokea mkono wangu hakusita, akaukamata kwa nguvu, wa njano na wenye grisi kwenye kucha. Shehe akasoma hotuba, akaomba dua, kisha akanigeukia. Kazi yangu ilikuwa kutamka: nimekuoza dada yangu Zuhura kwa mahari mliyoafikiana. Ndiyo hayo tu.

Yakakataa kutoka.

Siku nzima nilikuwa nawaza kufika. Niliwaza mpira, ufa, kabureta, maji, na hata mara moja sikuwaza kwamba nikifika nitatakiwa kusema hivi, na nikishasema Zuhura hatakuwa tena mtu wa nyumba yetu. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Shehe akasema taratibu, "Sema, baba." Nikajaribu tena. Selemani alikuwa bado ameushika mkono wangu, jasho linatutoka wote wawili, na manjano yanampata mpaka kwenye pindo la mkono wa kanzu. Watu wa Maparoni wakaanza kugeuza shingo kutazama kijito.

Mwisho mlango wa ndani ukafunguka kidogo, Shangazi Mwanaidi akatoa kichwa. "Bibi harusi anasema kaka yake aseme, maji yanatoka."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na kwenye kucheka huko maneno yakapita. Nikamwoza. Selemani akajibu kwamba amekubali, kwa sauti iliyonifanya nimpende.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda mbio. Wali ukaliwa kwa haraka, sanduku likabebwa, mapazia yakapita juu ya vichwa vya watu. Mama alikuwa anashughulika na kila kitu isipokuwa kumtazama Zuhura. Mashua ilikuwa imeshaanza kukaa upande mmoja. Walipomtoa Zuhura nje, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwongoza juu ya ubao mpaka mashuani. Nilimshika mkono. Uso ulikuwa umefunikwa, lakini niliisikia sauti yake vizuri.

"Kaka, umewahi."

"Nimechelewa," nikasema. "Nisamehe. Na sikuwa Nyamisati uliponipigia."

"Nilijua. Nilisikia ng'ombe." Akavuta pumzi. "Selemani nampenda, usije ukadhani vingine. Nilitaka uje, na nilijua utakuja. Ila pale ulipokuwa njiani nikawa naomba gari likucheleweshe kidogo tu zaidi, maji yatutoke. Nilale kwa mama usiku mmoja wa mwisho."

Nilimpandisha, nikahakikisha amekaa, nikashuka. Nahodha wao akajaribu kuisukuma mashua kwa mti wake mrefu wa pondo, haikutoka. Tope lilikuwa limeishika tumboni. Akapaza sauti kuwaita wanaume waje wasukume haraka kabla haijakaa kabisa, na wanaume wakaingia, Selemani akiwa wa kwanza, na baba mdogo amepandisha kanzu magotini. Mimi nikaingia mwisho, tope likanifika mapajani, nikaweka bega ubavuni pa mashua, karibu na mahali alipokaa Zuhura.

"Moja, mbili, sukuma!"

Mara ya kwanza mashua haikutikisika. Wenzangu walihema wakalaumu tope. Sikuwaambia kwamba mimi nilikuwa nimeegemea tu, nikimtafutia Zuhura usiku wake mmoja. Nahodha akaita tena, na juu yangu nikamwona Zuhura ameshika ukingo wa mashua, vidole vyake karibu na kichwa changu. Safari hii nikasukuma kweli, na mashua ikaondoka.